Msumeno wa plastiki haukati? Kagua boksi kwanza

Wiki ya kwanza nilipoingiza misumeno ya plastiki darasani sikupata pumzi. "Mwalimu, haukati!" huku, "Mwalimu, wangu mbovu!" kule. Nikawaamini. Nikaikusanya yote kumi, nikaitia kikapuni na kwenda nayo nyumbani, moyoni nikihesabu pesa zilizopotea. Usiku nikautoa mmoja na kuujaribu kwenye boksi la mafuta ya kupikia lililokuwa juu ya kabati la jikoni. Ukapita kama kisu kwenye halua.

Nilikaa nalitazama lile boksi. Lilikuwa limekaa wiki nzima karibu na jiko, kavu, ukilikunja linalia. Yale ya darasani tuliyapanga sakafuni chini ya dirisha, mwezi wa Mei, masika imeshika na kusi linavuma kutoka baharini. Kwa macho hayakuwa yamelowa, lakini yalikuwa yamekunywa unyevu hadi ndani. Misumeno ilikuwa mizima, na watoto hawakuwa na kosa lolote.

Tangu siku hiyo, mtoto akisema haukati, sishiki msumeno, nashika boksi. Mwongozo huu ni wa walimu wenzangu wa kuanzia PP2, mwaka wa mwisho wa chekechea, hadi Gredi ya Sita, hasa sisi tulio visiwani huku Lamu ambako chumvi na unyevu vinaingia kila mahali, mpaka kwenye chaki.

Msumeno wenyewe

Nazungumzia msumeno mdogo wa plastiki ngumu unaojaa kiganjani, wenye meno makubwa butu na ncha ya kutobolea. Unaofahamika sana ni wa Makedo, kampuni ya Australia, ambayo huuza pia skrubu za plastiki zenye nyuzi pana na bisibisi yake ndogo, ili vipande viungwe bila gundi. Iko mingine inayofanana nao. Kwa matumizi ya darasani tofauti si kubwa.

Watoto huuliza kwa nini ukate boksi na usikate kidole. Jibu ninalowapa ni hili, na ndilo litakalokusaidia katika karibu kila tatizo huko chini. Ngozi ni laini na inanyumbuka. Jino butu likiigusa, inabonyea kisha inarudi. Kadibodi kavu iliyoshikwa imara haina pa kukimbilia, kwa hiyo jino linaing'ata na kuichana kidogo kidogo. Sasa fikiria boksi lenye unyevu, au boksi kavu ambalo halikushikwa vizuri. Nalo linabonyea na kurudi. Limekuwa kama ngozi, na msumeno umetengenezwa usikate ngozi.

Salama, lakini si mchezo. Ukimsugua mwenzako nao mkononi kwa nguvu utamchubua, na ile ncha ikielekezwa jichoni ni ncha kama nyingine. Hata hivyo, linganisha na wembe. Sote tunajua mikebe ya watoto wetu ina nini: kalamu za risasi mbili, kifutio kilichotafunwa, na kipande cha wembe cha kuchongea. Miaka yote nimekuwa nikivikusanya vipande hivyo. Siku za kazi ya kadibodi nimeweka sharti kwamba wembe hauingii darasani hata kwa kuchongea, na ninaweka vichongeo viwili vya kawaida juu ya meza yangu. Ukiruhusu wembe mmoja tu, dakika ya tatu utakuta mtoto ameacha msumeno anakata kadibodi kwa wembe kwa sababu ni rahisi.

Vifaa vingine vina nafasi yake. Mkasi wa ncha butu unatosha kwa karatasi ngumu isiyo na mawimbi ndani, kama boksi la dawa ya meno au la majani ya chai. Msumeno kwenye karatasi hiyo ni kazi bure, utaikunja tu. Vile visu vya chuma vyenye meno madogo na ncha ya duara hukata vizuri sana, lakini mimi huviweka mezani pangu, kwa Gredi ya Tano na ya Sita, mtoto mmoja kwa wakati, mimi nimesimama hapo. Siku hizi kuna pia mashine za umeme za mezani kwa ajili ya watoto, ambazo kisu chake kimefichwa ndani ya kijumba kidogo, kidole hakiingii ila kadibodi tu. Shule yenye pesa na soketi za kutosha inaweza kuifikiria. Yetu ina soketi moja, na hiyo ina redio.

Kuchagua na kutayarisha maboksi

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo, na inafanyika kabla watoto hawajaingia.

Maboksi nayapata Usita wa Mui, njia kuu ya mji wetu, madukani, asubuhi wanapofungua mizigo. Wenye maduka hawana shida, wanafurahi kupunguziwa takataka. Lakini kumbuka safari ya hayo maboksi: yametoka bara, yamepakiwa chomboni Mokowe, yamekaa gatini, yamepanda punda. Boksi lolote linaweza kuwa limerushiwa maji ya chumvi njiani. Chumvi ikishaingia kwenye karatasi inaendelea kuvuta unyevu hata baada ya boksi kukauka. Lenye alama nyeupe za chumvi pembeni, liache.

Likate pembe kidogo uangalie ubavuni. Utaona karatasi mbili bapa na katikati yao karatasi moja iliyokunjwa mawimbi mawimbi. Matabaka hayo yameshikanishwa kwa gundi ya wanga, jamaa wa ile gundi ya unga tunayopika shuleni. Ndiyo maana unyevu unailegeza haraka: karatasi inakunywa maji, na gundi nayo inalainika. (Watoto hupenda kusikia kwamba karatasi hii ya mawimbi ilisajiliwa Uingereza mwaka 1856 kwa ajili ya bitana ya kofia ndefu za wanaume. Mwaka 1871 Mmarekani Albert Jones akaisajili kwa kufungia chupa na chemni za taa. Nikiwaambia ilianzia kwenye kofia, wote wanajishika vichwa.)

Unene una maana. Maboksi ya kawaida ya biskuti na sabuni huwa na wimbi moja, milimita 3 au 4 hivi. Hayo ndiyo ya watoto. Ya friji, televisheni au mashine huwa na mawimbi mawili yaliyopandana, milimita 6 au 7. Mtoto wa Gredi ya Tatu atalisugua hadi kengele ilie. Hayo nayakata mimi nyumbani kwa kisu changu, nawaletea vipande vikiwa tayari, vinafaa sana kwa misingi na sakafu za nyumba wanazojenga. Ya samaki na kuku wa barafu mengine yamepakwa nta. Nta inajaa kwenye meno na harufu yake haitoki darasani. Sina haja nayo.

Kipimo cha unyevu ni kidole gumba. Bonyeza katikati ya ubavu wa boksi, mbali na mikunjo. Kavu linagoma, kisha linatoa mlio. Lenye unyevu linaingia kimya, na alama ya kidole inabaki. Kipimo kingine ni kulipiga kwa kucha na kusikiliza: kavu linalia kama ngoma ndogo, bichi linanyamaza.

Lililoingia unyevu halijafa. Lifungue liwe bapa, liweke juani uani kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tano, uligeuze mara moja. Usililaze juu ya sakafu ya saruji au mawe. Lisimamishe ukutani kwa upande ambao mawimbi yake yanasimama wima, hewa ipite ndani yake kama inavyopita kwenye bomba. Baada ya hapo usilirudishe sakafuni. Kuta na sakafu zetu za mawe ya matumbawe hutoa unyevu usiku kucha. Mimi nimefunga kamba mbili kwenye boriti, na maboksi yote yanalala juu yake. Wakati wa kaskazi, Januari na Februari, huna haja ya kujisumbua sana. Wakati wa masika, anika siku hiyo hiyo ya kipindi.

Mwisho wa matayarisho: ng'oa pini za chuma, zote, ukipitisha kiganja taratibu kwenye kila mshono. Majeraha mengi niliyoyafunga plasta kwenye kazi hii yalitokana na pini za boksi na kingo za karatasi. Sijafunga hata moja la msumeno. Bandua selotepu. Kung'uta mende na mayai yake nje, si ndani ya darasa.

Kusoma boksi

Ami yangu ni fundi wa madau kule Matondoni. Siku moja alipita shuleni kuniletea samaki, akakuta watoto wanahangaika na maboksi. Akatazama kidogo, akachukua kipande, akakiinua kwenye mwanga na kuchungulia ubavuni.

"Ndoo, mwanangu," akaniita. "Hawa umewaambia mti wao umelala vipi?"

Nikamwambia hiyo ni karatasi, si mti.

"Karatasi gani hii yenye mshipa? Huku unapasua, huku unakata. Si kazi moja hizo."

Akachukua msumeno wa plastiki, akaugeuza-geuza kama mtu aliyepewa kijiko cha mtoto, akakata upande mmoja, kisha upande mwingine, akaniachia vile vipande viwili, akaenda zake. Nilivibandika ukutani na bado vipo.

Alikuwa na haki. Ukikata kufuata mawimbi, unapasua: msumeno unakwenda haraka na mkono hauchoki, lakini meno yanaangukia kwenye mfereji na kuufuata, kwa hiyo mstari unapinda kuelekea pale mfereji unakotaka, na ukingo unabaki mlegevu. Ukikata kukingama mawimbi, kila ukuta wa wimbi unayapa meno kitu cha kung'ata. Unakwenda polepole, ila mstari unanyooka na ukingo unasimama.

Kwa hiyo kabla ya kuchora chochote, kila mtoto anachora mshale mkubwa nyuma ya kipande chake kuonyesha mawimbi yanaelekea wapi. Ni kazi ya sekunde kumi. Kama umbo lina pande ndefu zinazotakiwa kunyooka, zipange zikingame mshale. Kama kuna mahali patakapokunjwa, papange pafuate mshale.

Kuliketisha darasa

Nina watoto thelathini na wanane na misumeno kumi, kwa hiyo wanakaa wawili wawili, jozi kumi zinakata na tisa zinachora au kuunganisha, kisha tunabadilishana. Katika kila jozi mmoja ni fundi na mwingine ni mshikaji. Mshikaji si msaidizi wa bure. Boksi lisiposhikwa halikatiki. Mikono yake miwili inakaa juu ya kadibodi, umbali wa kiganja kizima kutoka kwenye mstari, na haisogei mpaka fundi aseme "basi".

Kipindi cha dakika 30 au 35 hakitoshi, tusidanganyane. Omba vipindi viwili vifuatane, au gawa kazi: leo kuchora na kukata, kesho kuunganisha. Nikijaribu yote kwa pamoja naishia kukata mimi.

Kata la kwanza

Fanya mwenyewe mbele yao kwanza, kimya, bila maneno mengi. Kisha wao.

1. Laza kipande mezani, mstari utokeze nje ya ukingo wa meza kwa vidole viwili hivi. Ukitokeza zaidi, kitaning'inia na kucheza.
2. Mshikaji aweke mikono yake.
3. Fundi aweke meno kwenye ukingo wa kadibodi na avute kuelekea kwake mara mbili au tatu, bila kusukuma, mpaka kijipengo kifunguke. Kuvuta ndiko kunakofungua njia. Watoto wengi huanza kwa kusukuma, na kadibodi inakunjika hapo hapo.
4. Sasa aulaze msumeno, kama nyuzi 45, asiusimamishe wima. Avute na kusukuma kwa urefu wote wa meno.
5. Akikaribia mwisho apunguze nguvu, na mshikaji ashike kipande kinachoanguka.

Kwa watoto wa PP2 naishia kwenye kutoboa na kukata mistari mifupi ya urefu wa kidole. Wanapenda kutoboa kuliko kitu chochote, na huo ni mwanzo mzuri.

Kutoboa nako kuna namna yake, kwa ajili ya madirisha au matundu ya skrubu. Usiruhusu mtoto ashike kadibodi hewani na kuisukumia ncha, kwa sababu nyuma yake kuna kiganja chake mwenyewe. Weka kandambili kuukuu mezani, kadibodi juu yake, kisha ncha isimame wima na izungushwe kulia na kushoto kama keekee ya seremala huku ikibonyezwa. Ikipita, inazama kwenye raba na kusimama. Kandambili hatununui, bahari inatuletea. Watoto wa hapa wanalijua jahazi la Flipflopi, lililojengwa Lamu kwa plastiki iliyotupwa na kuvalishwa kandambili za rangi, likasafiri hadi Zanzibar mwaka 2019, kwa hiyo hakuna anayecheka nikiwaambia waje na kandambili ya pwani.

Pale panapokwama

"Haukati kabisa." Fuata mpangilio huu na usiuruke. Kwanza kidole gumba, unyevu. Pili, pitisha kucha juu ya mstari: je, kuna selotepu? Ile selotepu inayong'aa ni adui mkubwa kwa sababu inanyumbuka kama ngozi tuliyoisema, meno yanateleza juu yake. Ibandue, au geuza kipande ukate kutoka upande usio nayo. Tatu, hesabu mawimbi ubavuni, huenda ni boksi la mawimbi mawili. Nne, na ni ya nne kweli, utazame msumeno.

Msumeno wenyewe huwa na magonjwa mawili tu. La kwanza ni meno kujaa gundi ya selotepu na vumbi la karatasi. Usugue kwa mswaki wa zamani, maji na sabuni. Gundi ikigoma, paka mafuta kidogo ya kupikia, acha dakika chache, kisha sabuni tena hadi utelezi uishe, maana mafuta yakibaki yatalowesha kadibodi. Ukaushe kabla ya kuutumia. La pili ni meno kulika. Uinue kwenye mwanga, uulinganishe na mpya. Kwa kawaida ni meno ya katikati yanayolika, kwa sababu watoto hukata kwa kipande hicho tu. Wafundishe kutumia urefu wote, na hapo utaongeza maisha yake. Usiunoe kwa tupa. Nilijaribu mara moja: plastiki iliacha vimiiba vyembamba vikali kuliko meno yenyewe. Uliokwisha kabisa unageuzwa kuwa wa kutobolea, au wa kupakia gundi.

"Unaruka-ruka." Kadibodi haikushikwa, au fundi ana haraka. Tazama mshikaji kwanza. Tisa kati ya kumi utamkuta anatazama kazi ya jirani.

"Juu pazuri, chini pamechanika." Msumeno umesimamishwa wima mno, unatokeza sana upande wa chini na kila ukivutwa unaondoka na karatasi. Ulazwe. Na upande utakaoonekana kwenye kazi ndio uwe juu wakati wa kukata.

"Mstari wangu umepinda." Rudi kwenye mshale. Kama anapasua kufuata mawimbi, mwambie asikate moja kwa moja. Atoboe matundu juu ya mstari, kila upana wa vidole viwili, kisha akate kutoka tundu hadi tundu. Msumeno ukitaka kukimbilia mferejini, tundu linaurudisha.

"Duara limekataa." Litakataa tu, msumeno ni mpana na haugeuki ndani ya kata. Njia ni mbili. Kwa duara kubwa, kata pembe nne za mraba, kisha pembe nane zilizobaki, kisha zile ndogo ndogo, mpaka mraba ukose pembe. Ukingo unamalizwa kwa msasa au kwa kusuguliwa ukutani. Kwa duara dogo kuliko kikombe, toboa matundu yakaribiane kama ya stempu, kisha sukuma kwa kidole. Na wakati wowote wa kukata pinda, kadibodi ndiyo inayogeuzwa, msumeno ukae mwelekeo mmoja. Hili ukimwambia mtoto kwa maneno haelewi. Mshike mikono mfanye pamoja mara moja.

"Mkono umechoka." Watoto wadogo hukata kwa kifundo cha mkono peke yake. Waambie bega nalo lifanye kazi, na dakika tano zikiisha fundi na mshikaji wabadilishane, hata kama mstari haujaisha. Mtoto aliyechoka ndiye anayeanza kulazimisha, na aliyelazimisha ndiye anayechubuka.

Mashoto wasilazimishwe mkono wa kulia. Msumeno huu hauna upande, tofauti na mkasi. Kuna wazazi watakaosema kushoto si adabu. Wajibu kwa upole kwamba hapa hali chakula, anakata boksi. Mpange tu upande wa meza ambao kiwiko chake hakitagongana na cha jirani.

"Skrubu inazunguka bure." Tundu limekuwa pana, kwa kawaida kwa sababu lilitobolewa mara mbili. Sogea upana wa kidole utoboe jipya. Kama umbo haliruhusu kusogea, kata kijiraba kidogo cha kandambili, kitoboe, kiweke nyuma, na skrubu itakamata humo.

Mlango

Kazi ninayoipenda kuitolea mfano ni mlango wa Lamu, kwa sababu unahitaji karibu kila kitu nilichokieleza. Mbao mbili, mfaa katikati, kizingiti juu, na nakshi. Muhula uliopita binti mmoja wa Gredi ya Nne alikata mbao zake vizuri, zimenyooka, lakini kila akikunja bawaba karatasi ya juu ilipasuka. Akajaribu mara tatu. Akaja na boksi mkononi, macho yamejaa machozi lakini hayajamwagika.

Nikamwuliza mshale wake uko wapi. Akageuza. Mshale ulikuwa unalala, na mkunjo wake ulikuwa unasimama. Alikuwa anayavunja mawimbi badala ya kuyafuata. Hatukutupa kitu. Tulikata kipande kingine chembamba, mawimbi yakifuata urefu wa bawaba, tukapitisha mgongo wa msumeno juu ya mstari mara nne bila kukata, ili kuubonyeza tu, kisha tukakunja juu ya ukingo wa meza. Kikakunjika kama kitabu. Tukakifunga kwenye ubao kwa skrubu mbili na kwenye nguzo kwa mbili. Mlango ukafunguka, ukafungwa, ukafunguka. Aliufungua na kuufunga mpaka nikamwomba aendelee na nakshi.

Nakshi zenyewe usijaribu kuzikata kwa msumeno hadi upande wa pili. Toboa matundu, au chora kwa kubonyeza kwa mgongo wa msumeno mpaka karatasi ya juu izame. Maua ya matundu na mistari iliyozama yanatosha, na ukipaka rangi ya kahawia yenye maji kidogo sana, inakusanyika kwenye mabonde yenyewe. Kidogo sana, nasisitiza. Rangi yenye maji mengi inakurudisha kwenye ukurasa wa kwanza, boksi laini kama ngozi.

Kuhifadhi

Misumeno hainyauki wala haishiki kutu, hiyo ndiyo raha yake huku kwetu. Isiachwe juani tu, plastiki hukauka na kuvunjika. Mimi nimechora vivuli kumi vya msumeno kwenye ubao wa kadibodi na kupigilia misumari ya kuning'inizia, kila mmoja na namba yake. Darasa halitoki mpaka vivuli vyote vimefunikwa. Ukihesabu ukapata tisa, usianze kupekua mikoba ya watoto. Fungua kwanza nyumba na majahazi yaliyokwisha kufungwa kwa skrubu. Mara mbili nimeukuta humo ndani, umejengewa.